Koti Kwenye Kiti cha Ambrose

Jumatatu asubuhi, siku mbili baada ya Calderby Town kushuka daraja, Inspekta Glenys Hesketh alisimama kwenye jukwaa la mashariki akitazama kiti kitupu. Kilikuwa kiti cha plastiki rangi ya damu ya mzee, kwenye safu za mbele ambako paa haliwafikii watu, na mvua ilikuwa inakinyeshea sawasawa na jirani zake. Chini uwanjani mtu mmoja alikuwa anafungua nyavu za goli. Alifungua fundo moja, akapumzika, akafungua jingine. Hakuna aliyemhimiza, maana mji mzima ulikuwa msibani.

"Mashine inasema Ambrose alikuja," alisema Konstebo Nadeem Akhtar. "Kila mechi ya nyumbani, afande. Hata Jumamosi. Tiketi yake ya msimu ilisomwa getini, mlango ukafunguka."

"Na nyumba yake inasema nini?"

Walikuwa wametoka huko muda si mrefu. Ambrose Tattersall alikuwa mgane, mstaafu wa kiwanda cha nguo, na nyumba yake ilikuwa ya matofali mekundu kwenye mtaa wa nyumba zilizobanana. Nyuma ya mlango barua zilikuwa zimejaa hadi mlango ukagoma kufunguka. Maziwa kwenye jokofu yalishageuka kitu kingine. Lakini kilichommaliza Hesketh kilikuwa birika la chai, lililokuwa na vumbi juu ya mfuniko. Mzee wa Calderby anaweza kukaa bila redio, bila jirani, hata bila mkate. Hawezi kukaa na birika lenye vumbi akiwa hai.

Binti yake, Lorna, ndiye aliyeliona kwanza. Alitua jana kutoka Kanada, akafungua nyumba kwa ufunguo wake mwenyewe, akageuka na sanduku lake mkononi mpaka kituo cha polisi. Alitaka kujua baba yake yuko wapi. Na kama yuko hai, alitaka kujua kwa nini amemtupa.

"Mwezi wa kwanza alipiga simu kituoni," alisema Nadeem, macho kwenye viatu vyake. "Alisema baba hapokei simu tangu majira ya majani kupukutika. Mimi ndiye niliyetumwa."

"Ukafanya nini?"

"Nikauliza klabu. Wakasema anakuja kila mechi. Nikaja mwenyewe siku ya mpira, nikaongea na watu wa safu hii. Wote walisema yupo."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Ilikuwa mapumziko. Koti lake lilikuwa hapa, limekaa kwenye kiti pamoja na skafu. Wakasema yuko chooni."

"Ukasubiri?"

"Tulikuwa tumeshafungwa tatu bila, afande. Hata mimi nilikuwa nataka choo cha kulilia."

Hesketh hakucheka. "Na Lorna ulimwambia nini?"

"Kwamba baba yake ni mzima, anakwenda mpirani." Nadeem aligeukia uwanjani. "Nikamwambia labda hataki tu kuongea naye."

Mvua iliendelea. Hesketh aliinama, akapitisha kidole kwenye kiti cha Ambrose, kisha kwenye kiti cha kushoto kwake. Cha kushoto kilikuwa kimesuguliwa na makalio ya msimu mzima, kinang'aa. Cha Ambrose kilikuwa kimefubaa, na kwenye kona zake kulikuwa na ukungu wa kijani.

"Kushoto anakaa nani?"

"Cyril Entwistle. Rafiki yake tangu shule. Ndiye aliyekuwa msemaji wao siku ile."

*

Cyril Entwistle aliwafungulia mlango akiwa na soksi tu miguuni. Alikuwa mzee mpana, mabega ya mtu aliyevunja mawe machimboni maisha yake yote, na kucha zake zilikuwa na udongo. Aliwakaribisha jikoni, akawawekea chai kabla hawajavua makoti.

"Mzee Cyril, tunamtafuta Ambrose," alisema Hesketh.

"Tafuteni taratibu. Mtu akishushwa daraja anajificha. Hata mimi leo sijafungua pazia."

"Jumamosi alikuwepo uwanjani?"

"Alikuwepo. Angekosaje?"

"Mliondoka pamoja?"

"Pamoja. Tulikaa mpaka kipenga cha mwisho." Cyril alishika kikombe kwa mikono miwili. "Aliiona penalti ile ikigonga mwamba. Akaweka uso mikononi, hivi, akalia. Hakunyanyuka mpaka walinzi walipokuja kutuomba tutoke."

Alisema maneno hayo vizuri, na macho yake yalilowana kweli. Hesketh aliyaandika yote, kwa sababu mtu anayedanganya ukimwandika polepole huongeza. Cyril hakuongeza.

"Jirani yake Ambrose anasema wewe ulimwambia amekwenda Kanada."

"Jirani yule ni mmbeya. Ukimwambia kweli, kesho iko sokoni."

"Kwa hiyo ulimdanganya."

"Nilimnyamazisha. Si kitu kimoja, binti."

"Na mimi unaninyamazisha?"

"Wewe unakunywa chai yangu," alisema Cyril. "Kunywa, inapoa."

Kwenye gari Nadeem alikuwa na jibu lake tayari. Mzee alikufa, rafiki akaficha, pensheni ikaendelea kuingia na rafiki akaendelea kula. Kesi za namna hiyo zipo. Hesketh alimwachia apige simu benki. Dakika chache baadaye Nadeem aliishusha simu, amenywea.

"Haijaguswa. Hata senti. Imejaa tu."

"Basi hakuwa anataka pesa," alisema Hesketh. "Nipeleke kwa mama anayekaa nyuma yao uwanjani."

*

Edna Pickup alikuwa mjane wa kondakta wa basi, mwenye nywele nyeupe zilizotiwa dawa ya zambarau kidogo kwa ajili ya Jumamosi. Kila mechi, kipindi cha pili kikianza, alikuwa anapitisha mfuko wa pipi za mnanaa kwenye safu mbili. Alikuwa na mdomo.

"Mimi nimemwambia kocha kwa sauti yangu mwenyewe, beki yule wa kulia hana magoti. Hana. Ameyaacha kwa mama yake. Hakunisikiliza, na leo tuko wapi?"

"Mama Edna, Ambrose alikuwepo Jumamosi?"

"Alikuwepo," alisema Edna haraka. "Kila mechi yupo."

"Alivaa nini?"

"Koti lake la kijivu."

"Alikuwa ndani ya koti?"

Edna alianza kupanga vitambaa vya meza ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Cyril ametuambia walikaa mpaka mwisho," alisema Hesketh. "Kwamba Ambrose aliiona penalti, akalia."

"Ambrose?" Edna alicheka kabla hajajizuia. "Mpaka mwisho? Mwanangu, nani kakudanganya? Ambrose hajawahi kuona mwisho wa mechi tangu ana meno yake. Dakika ya themanini anasimama, anasema 'haya, mnisimulie', anaondoka. Hana moyo wa kuvumilia. Siku tuliyopanda daraja alikuwa nyuma ya jukwaa ameziba masikio, mpaka Cyril akaenda kumwambia. Sisi tunamtania, tunaangalia saa zetu, tunasema..."

Aliishia hapo. Kicheko kilimtoka usoni polepole, akakaa.

"Mama Edna," Hesketh alisema kwa upole, "mara ya mwisho kumwona Ambrose akisimama dakika ya themanini ilikuwa lini?"

Edna alikunjua kitambaa kimoja, akakikunja tena.

"Wakati bado kuna joto," alisema mwishowe. "Mechi za mwanzo zile, tulipokuwa tunafungwa na kila mtu. Halafu tukashinda ile ya London, wote tukaja mechi iliyofuata tunaimba, na yeye hakuja. Cyril akaweka koti kwenye kiti. Akasema Ambrose amelazwa, kifua, asiulizwe. Na wewe unajua klabu siku hizi. Tangu tupande daraja kuna watu maelfu wanasubiri kiti. Ukikosa mechi chache wanakuandikia barua, wanampa mtu wa mbali aliyekuja kupiga picha. Ambrose ameketi pale tangu viti vilipokuwa vya mbao. Tungekubali?"

"Kwa hiyo mkasema yupo."

"Tukasema yupo. Alipokuja huyu," akamtazama Nadeem, "na viatu vyake vya kung'aa, tukajua ametumwa na klabu kuhesabu watu."

"Nilikuwa na kitambulisho, mama," alisema Nadeem. "Nilikionyesha."

"Wa klabu pia wana vitambulisho. Hatukusoma. Tulisema tu yuko chooni, safu nzima, bila hata kutazamana." Edna alishika kola ya sweta yake. "Yuko hospitali gani? Nilikuwa namtumia pipi zake kwa Cyril kila mechi."

Hesketh alimshika bega. Kisha akauliza Cyril analima wapi, kwa sababu alikuwa ameziona zile kucha zenye udongo na kwenye nyumba ya Cyril hakukuwa na bustani.

*

Juu ya mji, kwenye mteremko unaoutazama uwanja, halmashauri ilikuwa inawakodisha wazee vipande vya ardhi walime mboga. Kila kipande kilikuwa na kibanda chake cha mbao. Cyril alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja mlangoni mwa kibanda, na pembeni yake kulikuwa na kiti kingine, kimekunjwa na kuegemezwa ukutani. Alikuwa amevaa tai.

"Nilijua mtakwenda kwa Edna," alisema. "Mdomo wake ule."

Hesketh alitazama bustani. Liki, zile mboga ndefu za jamii ya vitunguu, zilikuwa zimesimama mistari minne, nene, zimepaliliwa vizuri. Mstari wa tano ulikuwa umeishia katikati, na sehemu iliyobaki ilikuwa imepandwa maua ya manjano.

"Una haki ya kunyamaza, Mzee Cyril. Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nimenyamaza vya kutosha."

Nadeem aliondoka kidogo, akaita watu wa uchunguzi waje na hema. Hesketh alibaki amesimama.

"Ilikuwa Jumamosi ile ya London," alisema Cyril. "Hatuna uwezo wa kusafiri, mechi za ugenini tunasikilizia hapa. Kabla mpira haujaanza akaniambia, 'Cyril, mwezi wa tano msimu ukiisha nakwenda kwa Lorna. Nakwenda kukaa.' Akasema atampigia jioni ile ile, mpira ukiisha, amwambie."

"Ulimjibu nini?"

"Niliongeza sauti ya redio."

"Mligombana?"

"Bora tungegombana. Nilinuna. Mechi nzima sikumsemesha. Dakika ya themanini akasimama kama kawaida yake, akatoka na ndoo kwenda kwenye liki. Na Ambrose dakika zile humfuati, afande. Humwiti, humchungulii. Ndiyo heshima yake. Mpira ukiisha unamfuata na matokeo." Cyril alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nilisikia kishindo. Nikasema ni ndoo. Wakati huo huo tukafunga. Tangu tupande hatujashinda hata moja, na sasa tumefunga, tena London. Nilirukaruka humu ndani peke yangu. Hata kununa nilisahau. Kipenga kilipolia nikatoka nje nakimbia, nimwambie tumeshinda."

Cyril aliuonyesha mstari wa tano kwa kidevu.

"Alikuwa kifudifudi. Bado ana joto. Ndoo ilikuwa imesimama wima, haikuanguka, maji yamo."

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Nimefukua watu chini ya mawe machimboni. Aliyekufa namjua. Lakini dakika zile kumi, afande, sijui. Labda alikuwa anapumua. Labda aliniita. Redio ilikuwa juu."

"Na kesho yake? Kesho yake ungeweza kusema."

"Ningesema, Lorna angekuja kumchukua. Klabu ingechukua kiti. Maisha yetu yote tumeisubiri Ligi Kuu, tukaisubiri na wake zetu mpaka wakafa, na yeye ameona mechi tatu nne, zote za kufungwa. Nilimwambia pale pale, nimepiga magoti, msimu huu utaumaliza. Nikachimba. Nilirudi nyumbani kuvaa tai kwanza." Aliigusa ile aliyoivaa. "Kila mechi nikawa napitisha tiketi yake, halafu yangu. Nikitoka pale nakuja hapa kumsimulia. Jumamosi sikuweza kuja. Nimekuja leo."

"Uliniambia alikaa mpaka mwisho, akalia."

"Aliyelia ni mimi." Alitazama chini, ambako uwanja ulionekana mdogo na nyavu zimeshatolewa. "Miaka yote ananiacha dakika kumi za mwisho. Kufungwa nafungwa peke yangu, na kushinda nashinda peke yangu. Msimu huu nilimbakisha. Ukiuliza mechi yoyote nitakuambia alikaa mpaka mwisho."

Hesketh alijisikia vibaya kwa swali lililobaki, na aliliuliza.

"Krismasi Lorna alipata ujumbe kutoka simu ya baba yake. 'Niko salama. Niache na mpira wangu.'"

Cyril alifumba macho. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kuliko umri wake.

"Simu yake ililia siku nzima. Niliiweka na chaji, sijui kwa nini, niliona vibaya izime. Siku ile ya Krismasi ikalia, ikalia. Nilitaka inyamaze tu. Hilo sikumsimulia Ambrose."

Gari la watu wa uchunguzi lilikuwa linapanda mteremko. Cyril alisimama mwenyewe, akakunja kiti chake, akakiegemeza kando ya kile kingine. Akawaomba wasizikanyage liki.

*

Lorna Tattersall alikuwa anawasubiri kwenye chumba kidogo kituoni, koti bado mwilini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu, mwenye kidevu cha baba yake kama kilivyokuwa kwenye picha ya nyumbani. Hesketh alikaa upande wake wa meza, si wa pili. Alimwambia kwa mpangilio: kwamba amekutwa, wapi amekutwa, kwamba daktari, kwa maelezo aliyopewa, anadhani ni moyo na atachunguza kuthibitisha. Alimwambia kuhusu Cyril. Alimwambia kuhusu ujumbe wa Krismasi na nani aliuandika.

Nadeem alikuwa amesimama mlangoni. "Dada Lorna," alisema, "mwezi wa kwanza nilikuambia hataki kuongea na wewe. Nilikosea. Sikuwa na haki ya kusema vile."

Lorna alimtazama, akatikisa kichwa kidogo. Haikujulikana kama ni kusamehe au kukataa.

"Kuna jambo moja zaidi," alisema Hesketh. "Alikuwa anakuja kwako. Mwezi huu, baada ya msimu. Siku aliyokufa alimwambia Cyril. Alisema angekupigia jioni akuambie."

"Siku ipi?"

"Siku waliyoshinda London."

Lorna aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Wakishinda alikuwa ananipigia," alisema. "Lazima. Kwetu inakuwa mchana. Wiki ile tulikuwa tumekoseana, nilimwambia aje kukaa na mimi, akasema hawezi kuiacha timu sasa. Jumamosi nikaona matokeo. Nikajua dakika yoyote atapiga." Alitazama mikono yake. "Nikazima simu. Nilitaka apige akute imezimwa. Nilitaka aumie kidogo, asubuhi nimpigie mimi, tucheke."

Hesketh alisogeza kiti chake karibu.

"Nikapiga, hakupokea. Nikapiga wiki nzima. Nikasema nimemuumiza zaidi ya nilivyotaka. Ule ujumbe ulipokuja nikaona ninastahili. Majira yote haya ya baridi nilikuwa namwona amekaa na simu sikioni, tumeshinda, anataka kuniambia, na mimi nimeizima." Alinyanyua uso. "Kwa hiyo hakupiga."

"Hakupiga."

"Hakujua kwamba niliizima."

"Hakujua, Lorna."

Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu atue, na Nadeem akatoka kwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.